Boti la Masanze

Kwa miaka mingi nimekaanga samaki na kuwauza sokoni Kilosa, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitamiliki chombo cha majini. Mimi kuogelea sijui. Hata mto Mkondoa ukijaa napenda kuutazama nikiwa mbali, nimeshika kitu.

Samaki wangu walitoka bwawani, upande wa Tindiga, kwa mvuvi mmoja tuliyezoeana mpaka watu wakadhani ni ndugu yangu wa damu. Tulianza wote tukiwa vijana, mimi na beseni moja, yeye na mtumbwi wa gogo aliourithi kwa mjomba wake. Yeye alinivulia kambale na perege, mimi nikawakaanga. Aliniita dada, nami nikamwita kaka, na katika muda wote huo hatukuwahi kugombana zaidi ya mara mbili.

Mtumbwi ule ulipooza, alikuja mwenyewe sokoni kuniambia. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akanywa maji, akasema, "Dada, ule mtumbwi sasa ni chekecheke. Mwenzangu anapiga kasia, mimi nachota maji. Samaki tutashika saa ngapi?"

Gogo la kuchonga mwingine halikuwepo. Miti ya ukubwa ule imebaki ya kuhesabu, na iliyobaki huruhusiwi kuigusa. Basi dereva mmoja wa bodaboda aliyekuwa anasubiri samaki wake akadakia: kule Masanze kuna mzee ana boti la alumini nyuma ya nyumba. Liliachwa na mradi fulani wa samaki uliokuja ukaisha. Halina injini na limetoboka, lakini boti ni boti. Limekaa tu.

Wiki ile ile nikaenda.

Mzee alinipokea vizuri. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, mkewe akaniletea kiti na maji. Alikuwa mtu mrefu, mnyamavu, mwenye tabia ya kukusikiliza huku anatazama mikono yako badala ya uso. Nilipotaja boti, hakuuliza nimesikia kwa nani. Alinyanyuka akanipeleka nyuma, kwenye mihogo.

Boti lilikuwa limelala kifudifudi, urefu wake kama hatua tano za mtu mzima, majani yameota pembeni mpaka yamelishika. Bati lilikuwa limefifia, limekuwa rangi ya majivu. Lilikuwa na tundu karibu na katikati ya tumbo, dogo kuliko kiganja changu, na kulizunguka kulikuwa na vinundu vinundu ambavyo sikuvitilia maanani. Ubao wa nyuma, ule wa kufungia injini, ulikuwa umeliwa na mchwa. Nikauliza nilichokuwa najua kuuliza.

"Baba, lilitobolewa na nini?"

"Maji," akasema.

Nikacheka kidogo, nikidhani ni mzaha wa wazee. Yeye hakucheka. Tukakubaliana bei upesi mno, hata nikajilaumu kwamba huenda ningeanzia chini zaidi.

Siku ya kulichukua nilikodi kenta. Vijana wanne wakalishika, wakahesabu, wakalipindua. Mke wa mzee alikuwa anapepeta mahindi kibarazani. Boti lilipogeuka tu, likakaa chali, mama yule aliweka ungo chini, akaingia ndani, akafunga mlango. Mchana kweupe, wageni uani, mwenye nyumba anafunga mlango. Mzee akasema, "Pakieni tu." Tukapakia.

Nyumbani kwangu Kilosa nililiweka uani, karibu na jiko la kukaangia. Fundi wa mtaani aliligusagusa, akagonga kwa kucha, akaniambia alumini haichomelewi kwa mashine aliyonayo. Akiijaribu itayeyuka kama siagi. Nikasubiri nipate mtu anayeijua hiyo kazi. Likakaa hapo kama majuma matatu, na katika majuma hayo ndipo nilipoanza kulisikia.

Ilikuwa kila magharibi. Jua likishazama, nikiwa nasafisha karai, linaanza. Ta. Kimya. Ta, ta. Kimya kirefu, halafu ta. Mara ya kwanza nilidhani kuna mtu mlangoni, nikaenda kufungua. Mara ya pili nikaenda pia. Mara ya tatu nikasimama karibu na boti nikasikia kabisa kwamba sauti inatoka mle, kwenye bati.

Si kitu cha ajabu. Hata mabati ya paa hulia yakipoa, na alumini inapata joto kutwa nzima. Nilijieleza hivyo na nikajielewa. Lakini mabati ya paa langu nimeishi nayo miaka yote, na sijawahi hata siku moja kutaka kuyaitikia. Hili nilikuwa nasikia hodi. Mdomo unafunguka wenyewe kusema karibu, naufunga. Nikaanza kumaliza kazi zangu za uani kabla jua halijashuka.

Mwishowe mteja mmoja akaniambia Mikumi yuko fundi anayechomelea alumini, maana kule barabara kuu inapita na malori hayakosi kuharibika. Nikakodi kenta tena. Tukapita Masanze bila kusimama, tukapita Ulaya, hii Ulaya yetu ya mashamba na vumbi, tukafika Mikumi saa sita, wakati nyani wamekaa pembeni ya barabara wanangoja maganda ya ndizi ya abiria.

Fundi alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mwenye miwani myeusi ya kazi aliyoipandisha kwenye paji la uso. "Shikamoo mama," akasema, akalizunguka boti kabla sijamaliza kuitikia. Akaniambia ubao wa nyuma ataweka mpya, zile ribiti za kuunganisha bati zilizolegea atazibana, tundu ataliwekea kiraka. Kazi ya wiki moja. Nikafurahi.

Kisha akalipindua kwa msaada wa wenzake, akainama juu ya lile tundu. Alipitisha vidole kwenye vile vinundu, kimoja kimoja, kama mtu anayesoma kitu. Akalipindua tena, akaingia ndani ya boti akapiga magoti.

"Mama, njoo uone."

Nikaenda.

"Boti likigonga jiwe, bati linabonyea kuingia ndani. Si ndiyo? Hivi vyote vimetoka nje. Na hili tundu, kingo zake zimekunjuka kwenda nje." Akaukunja mkono wake, akafanya kama anagonga. "Hili limegongwa na mtu aliyekuwa ndani."

"Labda mafundi wa zamani walikuwa wanalinyoosha."

Akatikisa kichwa. Lilikuwepo boksi la alumini lililotumika kama kiti, na nyuma yake, kwenye upenyo ambao mimi sikuwahi kuuangalia, kulikuwa na kitu kimekwama. Akakivuta kwa koleo. Ilikuwa nanga ndogo ya kuundwa kwa nondo, yenye kulabu tatu, na kipande cha kamba kilichokakamaa. Kulabu moja ilikuwa imekatika na ncha yake imesagika. Fundi akaishika, akaangalia tundu, akaangalia nanga. Nilijua atakachofanya na nikataka kumwambia asifanye. Akaitumbukiza ile ncha kwenye kinundu kimojawapo, kwa ndani. Ikakaa sawasawa.

Pale gereji redio ilikuwa inaimba na lori lilikuwa linapiga honi.

"Mama," akasema baadaye, "mimi nitaliziba. Hiyo ndiyo kazi yangu. Lakini nadhani ungeuliza kwanza."

Sikungoja wiki iishe. Kesho yake wakati wa kurudi Kilosa nilishuka Masanze. Nilikuwa na hasira, nakiri. Nilikuwa najisemea njia nzima maneno ya kumwambia yule mzee: kwamba mtu mzima haachi kumwambia mtu anachouza.

Nilimkuta anapukuchua mahindi ya mbegu kwa mikono. Nikampa shikamoo, nikakaa, na yale maneno yote yakapotea. Nikasema tu, "Baba, fundi ameona nanga."

Punje ziliendelea kudondoka kwenye beseni kwa muda. Kisha zikaacha.

"Ilikuwa bado mle?"

"Ilikwama nyuma ya kiti."

Mkewe alikuwa mlangoni. Hakuingia ndani safari hii. Alikuja akakaa chini kwenye mkeka, mbali kidogo, akageukia upande wa barabara.

Mzee alinieleza bila kupandisha sauti. Mwaka ule mto ulipotoka kwenye njia yake, yeye na mdogo wake walichukua boti la mradi, ambalo mradi wenyewe ulikuwa umeshakufa, wakaanza kutoa watu kwenye nyumba za bondeni. Safari mbili zilikwenda vizuri. Ya tatu, yeye alishuka kumbeba bibi mmoja mgongoni, maji yakiwa kifuani, na boti likavutwa na mkondo likiwa na mdogo wake peke yake. Likagonga mkuyu, likapinduka, likajibana kifudifudi kati ya matawi na matope.

"Tulisimama kwenye kituta, watu wengi. Tulikuwa tunamtafuta kwenye maji. Tunaita jina lake. Hatukuangalia boti. Boti lilikuwa pale, tumbo juu, hatua kama sitini. Kisha likaanza kugonga."

Akaweka kiganja kwenye goti lake.

"Wenzangu wakaniuliza. Waliniuliza mimi kwa sababu mimi ndiye nilikuwa nalijua boti. Wakasema, kaka, ni nini hicho? Nikasema ni gogo. Maji yameleta gogo, linapigapiga bati."

"Ulidhani ni gogo, baba?"

Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Mwanangu, gogo haligongi halafu likapumzika."

Mkewe akasema jambo kwa Kisagara, polepole. Mzee akaendelea.

"Ningesema ni mtu, ingebidi aingie mtu. Na wa kuingia nilikuwa mimi. Nilikuwa nimetoka kwenye yale maji sasa hivi, nayajua. Nikasema ni gogo, na wao wakakubali, maana nao waliyaona yale maji. Tukaendelea kuita jina lake. Tukaita kwa nguvu, tusisikie. Kabla ya alasiri likawa limenyamaza."

Maji yalipopungua walimkuta chini ya boti. Walimzika siku hiyo hiyo. Tundu aliliona wakati wanalibeba boti, akajua kwamba watu wote wanaolibeba wanaliona, na hakuna aliyemsemesha habari zake mpaka leo. Ndiyo maana alilileta kwake. Alisema hakuweza kuliacha kule na hakuweza kulitazama, kwa hiyo alililaza kifudifudi kwenye mihogo, kama lilivyokuwa siku ile, na mwenyewe hakutambua kwamba amelilaza hivyo mpaka mkewe alipomwambia.

Nikanyanyuka kuaga. Mkewe akanisindikiza mpaka barabarani, na tulipofika mbali ya masikio ya mumewe akanishika mkono.

"Mwambie fundi anyooshe bati lote. Vile vinundu vyote. Mzee akija kuliona tena asivikute."

Nilimwambia fundi. Akasema haiwezekani, alumini iliyochoka ukiigonga mara ya pili inapasuka, na badala ya tundu moja nitakuwa na kumi. Basi vikabaki. Aliweka kiraka kizuri, nadhifu, akabana ribiti, akafunga ubao mpya wa mninga, akajaza boti maji pale gereji tukalitazama saa nzima halijavuja hata tone. Nanga akaniuliza kama naitaka. Nikasema hapana. Sijui aliifanya nini.

Nilifikiria kumficha mvuvi wangu. Nilifikiria kwa siku mbili nzima, nakiri hilo pia. Kisha nikafikiri atakavyokuwa amekaa bwawani amepumzisha kasia, jua linashuka, bati linapoa. Nikamwambia yote, yeye na mwenzake anayevua naye. Mwenzake aliniaga kwa heshima, akasema atatafuta riziki kwingine, na sikumlaumu.

Kaka yangu alibaki. Aliliinamia boti, sasa limerudi uani kwangu, akapitisha vidole kwenye kiraka. Nikamwambia, ili nijifariji mwenyewe, "Angalau alitoboa. Angalau alipata hewa."

"Dada," akasema, "hujawahi kukaa chini ya mtumbwi uliopinduka."

"Sijawahi."

"Ukiupindua, hewa inabaki ndani. Ndiyo inayoyazuia maji yasipande. Tulipokuwa wadogo tulikuwa tunaingia mle kucheza, unapumua vizuri kabisa, unaongea. Lakini ukitoboa juu, hewa inatoka hapo hapo, na maji yanapanda kuja kuchukua nafasi yake." Akaondoa mkono kwenye bati. "Angekaa kimya bila kugonga, pengine maji yangepungua akiwa hai."

Nilikwenda jikoni, nikawasha moto ambao sikuwa na haja nao.

Tuliliingiza boti bwawani mwanzoni mwa kiangazi. Linaelea vizuri, jepesi, halichoshi mikono kama gogo. Siku ya pili nikapata salamu kwamba mzee wa Masanze anaomba kuja. Alikuja kwa bodaboda, amevaa kanzu safi na kofia, kama anakwenda kwenye harusi. Akasalimiana na mvuvi. Akasimama ukingoni akiliangalia boti likicheza kidogo majini, tumbo chini, kama boti linavyotakiwa kukaa.

"Nipandisheni," akasema.

Mvuvi alimshika mkono, akapanda. Akanitazama mimi. Nimesema siogelei, na kwa miaka yote ile nilikuwa sijawahi kupanda chochote bwawani. Lakini jinsi alivyonitazama ilikuwa vigumu kukataa, nikavua viatu nikapanda, nikakaa kwenye lile boksi la alumini na kushika pande zote mbili.

Tulikwenda polepole mpaka matete yakawa mbali. Mvuvi akaacha kupiga kasia. Mzee alisoma Fatiha, tukaitikia amina. Kisha akaweka kiganja sakafuni, juu ya kiraka, akaanza kusema kwa Kisagara, kwa sauti ya mtu anayeongea na mwenzake aliye karibu. Mimi kwetu ni kwingine, Kisagara nakishika neno moja moja. Nilichosikia ni neno la mdogo wangu, na neno la maji, na tena mdogo wangu. Alisema kwa muda mrefu. Alipomaliza hakuondoa mkono.

"Mwanangu," akasema kwa Kiswahili, bila kuinua kichwa, "wewe umekaa na mafundi. Nataka kukuuliza jambo."

"Niulize, baba."

"Hili tundu. Lilimsaidia? Alipata hewa?"

Mvuvi alikuwa mbele yangu, amenigeuzia mgongo. Niliona mabega yake yamesimama.

"Alipata, baba," nikasema. "Fundi amesema alipata hewa ya kutosha. Hakuteseka."

Mzee akaitikia kwa kichwa mara nyingi. Akatoa leso mfukoni akajifuta macho, akaikunja vizuri akairudisha. Tulipofika ukingoni alinishukuru kwa mikono miwili. Nikampa perege wawili wakubwa ampelekee mkewe, naye akawafunga kwenye majani mwenyewe.

Baadaye yule mama alipita sokoni, akaniambia mumewe siku hizi anakula, tena anapanda kitandani na kulala kama watu wengine. Hakuniuliza nilimwambia nini. Alinunua samaki, nikamwongezea mmoja, akaenda zake kituoni kusubiri gari la Masanze.

Mvuvi na mimi hatujawahi kulizungumza jibu lile. Boti anavulia, nami napokea samaki kila asubuhi kama zamani. Lakini wakati mwingine nakwenda bwawani jioni kufuata mzigo mwenyewe, na namkuta ameshaliburuta ukingoni, amesimama kando yake anasubiri. Jua likianza kushuka tunapakia haraka haraka, bila kuambizana, na tunaondoka.